Nondo Hakujigeuza: Maelezo juu ya Uteuzi wa Asili

Husemwa kwamba kinyonga amejigeuza rangi, na usemi huo ni sawa, kwa kuwa ngozi ya kinyonga yule yule hugeuka rangi machoni pa mtazamaji. Lakini usemi huo ukitumiwa kwa kila mnyama afananaye na mahali akaapo, huleta kosa kubwa. Chui hakujipa madoa, wala panzi hakujifanya kijani. Rangi za namna hiyo ni kazi ya uteuzi wa asili, na mfano ulio wazi kupita mingi ni wa nondo mmoja wa Uingereza.

Nondo huyo huruka usiku, na mchana hutulia mitini. Rangi yake ya kawaida ni nyeupe yenye vitone vyeusi, hata akiwa juu ya gome lililotambaliwa na vijimea vya kijivu ni vigumu kumtambua. Mwaka 1848 alipatikana Manchester nondo wa aina hiyo aliye mweusi. Zama hizo moshi wa makaa ya mawe uliotoka viwandani ulikuwa ukiua vijimea hivyo na kuyajaza magome masizi. Kufikia mwaka 1895, katika kila nondo 100 wa Manchester, kadiri ya 98 walikuwa weusi.

Je, masizi ndiyo yaliyowapaka? Sivyo. Weusi huo ni wa kuzaliwa, na watoto huurithi kwa wazazi. Mwaka 2016 wataalamu walieleza badiliko la jeni liletalo weusi huo, wakakadiria kuwa lilitokea karibu na mwaka 1819. Halikuja kwa sababu nondo walilihitaji. Lilitokea kwa bahati tu. Walioteua ni ndege.

Jambo hilo lilipimwa na Bernard Kettlewell wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1953, katika msitu wenye masizi karibu na Birmingham, aliwatia nondo alama, akawaachilia, kisha akawatega. Katika weusi 447 walinaswa tena 123. Katika weupe 137 walinaswa 18 tu. Mwaka 1955 alifanya vivyo hivyo Dorset, penye hewa safi, na mambo yakawa kinyume: katika weupe 496 walinaswa 62, na katika weusi 473 walinaswa 30.

Baadaye kazi hiyo ilitiliwa shaka, hasa kwa kuwa nondo waliwekwa mahali wasipopumzika kwa kawaida. Basi Michael Majerus wa Cambridge akafanya jaribio jipya kwa uangalifu zaidi, akitumia nondo 4,864, kuanzia mwaka 2001 hadi 2007. Ikathibitika kwamba ndege huwala zaidi wale waonekanao kwa urahisi. Na huko, penye magome safi, hao walikuwa weusi.

Sheria ya hewa safi ilipitishwa Uingereza mwaka 1956. Moshi ulipopungua, nondo weusi nao wakapungua mwaka hata mwaka, na leo ni adimu.

Katika muda huo wote hapakuwa na nondo hata mmoja aliyeacha rangi ya mabawa yake akatwaa nyingine. Kilichogeuka ni hesabu ya weusi na weupe, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa waliosalimika ndio waliozaa. Kwa hiyo mwalimu aelezaye habari hizi na aseme kwamba nondo wa Manchester waligeuka, asiseme kwamba walijigeuza. Silabi hiyo moja humpa nondo nia asiyokuwa nayo, na humficha ndege aliyeifanya kazi.