Mkono Ulio Huru: Utunzi wa Densi ya Kontra

Katika miji midogo ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, jioni ya densi ya kontra haina watazamaji. Aliyeingia ukumbini amekuja kucheza. Ukumbi wenyewe huwa ni wa mji, kama ule wa Nelson, New Hampshire, au wa chama cha wakulima, kama Guiding Star Grange wa Greenfield, Massachusetts. Kuna sakafu ya mbao, fidla, piano, na mwitaji mwenye kipaza sauti anayetangaza kila mwondoko kabla haujafika. Mizizi ya densi hii iko Uingereza, ambako John Playford alichapisha kitabu cha densi za vijijini mwaka 1651.

Wachezaji hujipanga mistari miwili inayotazamana. Jozi mbili hucheza pamoja kwa mapigo 64, kisha kila jozi husogea nafasi moja, ikakutana na jozi nyingine, na mambo yakaanza upya. Desturi ni kubadilisha mwenzi kila densi inapokwisha, na yeyote anaweza kumwomba yeyote. Mgeni hapaswi kuachwa amekaa.

Sasa, mapigo 64 hujazwa hasa miondoko ya mapigo manane au 16, na miondoko hiyo watu wanaijua tayari. Uhodari wa mtunzi hauonekani katika kuichagua tu. Unaonekana pale mmoja unapokwisha na wa pili kuanza.

Tazama mzunguko wa jozi. Wawili wameshikana, wanazunguka kufuata mwendo wa saa, macho kwa macho ili kizunguzungu kisiwapate. Wanapofunguka wako bega kwa bega, wakitazama ng'ambo. Yule wa kushoto huitwa lark na wa kulia robin, majina ya ndege yanayotumika siku hizi katika kumbi nyingi badala ya kusema wanaume na wanawake. Mkono wa kulia wa robin sasa uko huru. Mwitaji akiita mnyororo, robin wawili hupeana mkono huohuo, wakapishana katikati, na kila mmoja akampa wa kushoto lark wa upande wa pili, anayemgeuza kinyume cha saa. Ikifuata nyota ya mkono wa kushoto, wanne wakiunganisha mikono katikati, mwili unaendelea kulekule ulikokuwa ukienda. Hakuna aliyesita.

Lakini mtunzi akiagiza mtu azungushwe kwa mkono wa kulia, halafu ampe jirani mkono huohuo wa kulia, mambo yanaharibika. Mkono bado umeshikwa, miguu inagongana, muziki unawaacha nyuma.

Zamani hili halikuwa na uzito mkubwa. Katika densi kongwe kama Chorus Jig, jozi ya kwanza ndiyo hufanya karibu kila kitu, wengine wakisimama kungoja zamu. Ralph Page wa New Hampshire (1903–1985) alizitunza densi hizo kwa mapenzi, na zinastahili kutunzwa. Ila watunzi wa miaka ya 1970 na 1980 walitaka kila mtu awe kwenye mwendo tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Larry Jennings wa Boston alikusanya nyingi za namna hiyo katika Zesty Contras, kitabu cha 1983. Watu wanne wanapopishana kama miyaa ya ukili, kosa la mmoja huwafikia wote.

Naamini ulaini wa kutoka mwondoko mmoja hadi mwingine ni sehemu ya ukarimu wa jamii ile. Bingwa anaweza kuificha densi mbovu kwa uzoefu wake, akageuka upesi na kuwahi nafasi yake. Mgeni hawezi, atadhani kosa ni lake, na huenda asirudi. Densi iliyotungwa vizuri humwongoza kwa mwili wake mwenyewe: mkono uliobaki huru ndio unaohitajika. Kwa hiyo mtunzi asiijaribu kazi yake mpya na mabingwa peke yao. Awaweke wageni mstarini, na wakisita mahali pamoja mara mbili, aandike upya mahali hapo.