Kibodi yenye mwanga: Kompyuta ya michezo inapogeuzwa chombo cha kuandikia

Miongoni mwa vifaa vinavyoingia majumbani mwetu siku hizi, huenda kama zawadi ya ndugu aliye ng'ambo, ni kompyuta ndogo za michezo zinazoshikwa kwa mikono miwili. Mzazi akikitazama kifaa hicho huona mchezo tu: skrini katikati, vitufe na vijiti vya kuongozea pembeni, na kijana aliyeinamisha kichwa. Hukumu hiyo haikosi msingi, lakini haijakamilika. Ndani yake mna kompyuta kamili. Kinachokosekana ni mahali pa kuandikia. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuongeza kibodi yenye mwanga, mambo ya kukagua dukani, na jambo moja ambalo wazazi hawana budi kulikatia shauri kabla ya kutoa fedha.

Tuchukue mfano wa Steam Deck, inayotengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani, ambayo ilianza kuwafikia wanunuzi Februari 2022. Toleo lake la kwanza lina skrini ya inchi 7, kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 16, na uzito wa gramu 669. Mfumo wake endeshi umejengwa juu ya Linux, ule ule unaoendesha seva nyingi za intaneti duniani. Ukibonyeza kitufe cha Steam na kuingia kwenye sehemu ya kuzimia, utakuta pia chaguo la kuhamia hali ya kompyuta ya mezani. Ukilichagua, ukurasa wa michezo huondoka na mahali pake hukaa kompyuta ya kawaida, yenye mafaili na duka la programu ambazo nyingi ni za bure. Humo mwanafunzi atapata LibreOffice ya kuandikia insha na kupangia hesabu, au Godot ya kutengenezea michezo yake mwenyewe, bila kulipa hata senti.

Kizuizi huanzia hapo. Vitufe vya Steam na X vikibonyezwa pamoja, kibodi ya kuchorwa hujitokeza kwenye skrini. Lakini hufunika sehemu kubwa ya chini ya skrini ambayo tayari ni ndogo, na kila herufi hutafutwa kwa kidole gumba. Jina la mchezo laweza kuandikwa hivyo. Insha ya kurasa mbili itamchosha mwandishi kabla hajafika katikati. Matokeo yake ni kwamba kompyuta yenye uwezo wa kuandika hubaki kuwa ya kuchagulia tu yale yaliyotayarishwa na wengine.

Wazo hili lina umri

Kuongeza kibodi kwenye chombo cha michezo si jambo la jana. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani iliingiza sokoni mtambo uitwao Famicom, jina ambalo ni kifupi cha maneno yenye maana ya kompyuta ya familia. Mwaka uliofuata ikauza kibodi pamoja na kaseti ya programu iliyoitwa Family BASIC, na watoto waliozoea kucheza mbele ya televisheni ya sebuleni wakaweza kuandika programu zao kwenye televisheni ile ile.

Haja ya mwanga nayo ina historia. Skrini ya Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na taa yake, na wachezaji walinunua vitaa vidogo vya kuchomeka ili waione usiku. Hatimaye, mwaka 2003, Game Boy Advance SP ikaja na taa ndani yake. Leo skrini zote zina mwanga, na giza limehamia kwenye kibodi.

Mwanga hupitaje?

Chini ya vitufe vya kibodi ya aina hii huwekwa taa ndogo za LED. Aghalabu kitufe hutengenezwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, hupakwa rangi nyeusi, kisha rangi hiyo huondolewa kwa leza kwa kufuata umbo la herufi. Kwa hiyo kinachong'aa ni herufi, wala si kitufe kizima.

Kulijua hilo kuna faida kubwa kwa familia ambazo watoto wao huandika Kiswahili shuleni na Kiarabu madrasa. Zipo kibodi ambazo herufi zake za Kilatini zimechongwa kwa leza, ilhali za Kiarabu zimepigwa chapa juu ya rangi au zimebandikwa kwa stika. Mchana zote huonekana sawasawa. Gizani za Kilatini hung'aa na za Kiarabu hutoweka. Na stika nzito huweza kuziba hata zile zilizokuwa ziking'aa. Basi kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe, uifunike kwa kitambaa au uipeleke penye giza, uzisome herufi zote mbili mbili. Kiswahili hakihitaji herufi za ziada, hivyo kibodi ya kawaida ya Kiingereza inatosha. Kiarabu huongezwa kwenye mipangilio ya kompyuta, na baada ya hapo kubadili lugha ni kazi ya kubonyeza tu.

Ya waya au ya Bluetooth?

Steam Deck ina tundu moja tu la USB-C, nalo ndilo la kuchajia. Kibodi ya waya ikichomekwa humo, chaja hukosa nafasi. Dawa yake ni kifaa kidogo chenye matundu kadhaa, ambacho hupokea chaja upande mmoja na kibodi upande wa pili. Chagua chenye tundu la HDMI pia, ili kompyuta iunganishwe na televisheni, kwani skrini ya inchi 7 huchosha macho kwa kazi ya kuandika kwa muda mrefu. Tena mtoto anayeandika kwenye televisheni ya sebuleni huandika mbele ya wazazi wake.

Kibodi ya waya hula umeme wa kompyuta. Kanuni za USB 2.0 huruhusu kifaa kuchukua hadi miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, na taa za kibodi ndogo zikipunguzwa mwanga huhitaji chini ya hapo. Tufanye hesabu. Betri ya toleo la kwanza ina wati-saa 40. Ikiwa kazi ya kuandika inatumia wati 8, betri itadumu saa 5. Taa zikiongeza wati 1, itadumu takriban saa 4 na dakika 27. Umeme ukiwapo hasara hiyo haionekani. Umeme ukikatika, nusu saa ni insha iliyokamilika au iliyobaki njiani.

Kibodi ya Bluetooth hutumia betri yake na huacha tundu wazi. Hata hivyo taa zake huimaliza betri hiyo upesi, ndiyo maana nyingi hujizima muda mfupi baada ya vidole kutulia. Kwa nyumba yenye wanafunzi wadogo tunapendelea ya waya: haihitaji kuchajiwa na haitafuti mawasiliano. Kwa kijana anayesafiri na kifaa chake, ya Bluetooth ni nyepesi zaidi. Kwa vyovyote vile, hakikisha mwanga unaweza kupunguzwa na kuzimwa kabisa kwa kitufe.

Shauri la usiku

Sasa tufikie lile jambo la kukatiwa shauri. Kibodi inayoonekana gizani humwalika mtumiaji kukaa gizani, na mtoto hahitaji kualikwa mara mbili.

Taa nyeupe za LED kwa kawaida hutengenezwa kwa taa ya buluu iliyofunikwa kemikali ya fosfori. Mwanga wenye buluu nyingi ndio unaozuia zaidi melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Mwanga mwekundu hafifu huathiri kidogo zaidi, hivyo kibodi inayobadilisha rangi iwekwe kwenye nyekundu. Lakini tusijidanganye: skrini hutoa mwanga mwingi kuliko kibodi, na kubadili rangi ya vitufe pekee hakutoshi.

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Linganisheni na ratiba za nyumba zetu. Mtoto wa miaka 12 anayeamka saa 11 alfajiri kwa ajili ya sala na shule, ili apate saa 9 ni lazima awe amelala saa 2 usiku, yaani mara tu baada ya Isha. Kaka yake wa miaka 16, kwa saa 8, awe amelala saa 3.

Hesabu hiyo yaonyesha kwamba kibodi yenye mwanga haina saa za usiku za kumwongezea mtoto. Manufaa yake yamo katika muda wa kati ya Magharibi na Isha, umeme ukiwa umekatika na kazi ya shule ikiwa haijaisha. Nyumba iliyokubaliana mapema kuhusu saa ya kuzima na mahali kifaa kitakapolala, yaani si chumbani kwa watoto, itaufaidi mwanga huo. Nyumba isiyokubaliana itakuwa imenunua sababu mpya ya kukesha.

Jambo la mwisho ni mazoezi. Kwenye kibodi nyingi, vitufe vya F na J vina vijinundu vidogo. Vimewekwa ili vidole vya shahada vijue makao yao bila jicho kutazama. Mtoto afundishwe kuanzia hapo, dakika 15 kila siku, mwanga ukipunguzwa kadiri anavyozoea hadi aweze kuandika taa za kibodi zikiwa zimezimwa. Na mwezi ukiisha, mwambie afungue kompyuta akuonyeshe alichokiandika. Ukikuta insha, barua kwa bibi au mchezo alioutunga mwenyewe, fedha yako haikupotea.