Kuishi Chini ya Mlima Hanang

Tarehe 3 Desemba, 2023, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Katika nyumba nyingi wilayani Hanang nguo za watoto za ibada zilikuwa zimekwisha kuandaliwa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na alfajiri tope zito lilishuka kutoka mlimani likiwa limebeba mawe makubwa na magogo. Lilipita katika mji wa Katesh na katika vijiji vya karibu, kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na mamia ya kaya zikaharibikiwa na makao yao.

Tangu siku ile, sisi akina mama tumekuwa na maswali mawili. La kwanza twaliuliza kwa sauti: Je, ni salama kuendelea kulea watoto chini ya mlima huu? La pili twaliuliza moyoni: Je, Mungu ametukasirikia? Yafaa tuyajibu yote mawili. Lakini kwanza na tuufahamu mlima wenyewe.

Mlima ulio kama kisiwa

Hanang ni mlima wa nne kwa urefu nchini Tanzania, wenye mita zaidi ya 3,400. Uliumbika kwa volkano zamani sana. Umesimama peke yake, na kuuzunguka ni nchi tambarare, sehemu kubwa ikiwa kavu. Chini yake kuna Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi, na mbele zaidi kuna Ziwa Basotu, ambako viboko huogelea.

Mawingu hugonga mlima na kuacha maji yake hapo. Ndiyo sababu kuna msitu kwenye miteremko yenye unyevu, na ndiyo sababu wakulima wa Gitting huvuna ngano, mahindi na maharage katika udongo mzuri uliotokana na volkano. Maji tunayochota, kuni tunazopikia na chakula cha watoto wetu vyatoka kwa mlima huohuo uliotutisha.

Viumbe wanaopenda baridi ya juu hawawezi kuvuka nyanda za joto kwenda mlima mwingine. Wamezungukwa na nchi kavu kama vile watu wa kisiwani walivyozungukwa na bahari. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza aina ya kinyonga asiye na pembe, waliyempata katika Mlima Hanang, wakampa jina la mlima huo. Vinyonga wengi hutaga mayai, lakini jamii ya vinyonga wa milimani anayotoka huyu huzaa watoto walio hai, jambo linalofaa mahali penye baridi. Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kumwogopa kinyonga na hata kumpiga mawe. Kumbe Muumba amemtunza mdogo huyu kwa namna yake! Tuwaambie watoto wamwache aende zake.

Watu na ardhi yao

Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, wamechunga ng'ombe katika nchi hii kwa vizazi vingi, na Wairaqw wamelima na kufuga pamoja nao. Miongoni mwa Wabarbaig wanawake walikuwa na baraza lao, ambalo liliweza kumtoza faini mwanamume aliyewakosea wanawake. Mama wa Hanang hakuwa mtu wa kunyamaza tu.

Hanang ilikuwa sehemu ya Mbulu mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 1969. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002, baada ya kugawanywa mkoa wa Arusha. Katikati ya miaka hiyo, kwa msaada wa Kanada, serikali ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Nchi ilipata ngano, lakini wafugaji walipoteza malisho yao mazuri, na kesi za ardhi zikafika mahakamani. Shamba mojawapo liliitwa Waret. Tulikumbuke jina hilo.

Kwa nini tope lilishuka?

Wengine walisema kwamba volkano imeamka. Sivyo. Wataalamu wa serikali walichunguza wakaeleza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikalemewa na uzito, ikameguka. Ilipochanganyika na maji ya mvua ikawa tope, nalo likafuata makorongo mpaka kwenye makazi ya watu. Mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa nyingi katika Afrika Mashariki.

Jambo hili si la Hanang peke yake. Mnamo Machi 2010, huko Bududa nchini Uganda, miteremko ya Mlima Elgon iliporomoka baada ya mvua kubwa na kuwafukia mamia ya watu. Elgon nao ni volkano ya kale, na watu huupenda kwa sababu hiyohiyo: udongo wake una rutuba.

Miti husaidia, kwa kuwa mizizi hushika udongo wa juu na majani hupunguza nguvu ya mvua. Lakini tusidanganyane. Mwamba wenyewe ukimeguka, msitu hauwezi kuuzuia. Magogo mengi yalishuka pamoja na tope. Kwa hiyo kupanda miti ni lazima, lakini hakutoshi. Yatupasa pia kuangalia mahali tunapojenga.

Je, ilikuwa adhabu?

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu alizungumza juu ya watu 18 waliokufa walipoangukiwa na mnara huko Siloamu. Aliuliza kama watu hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Akawageuzia wasikilizaji neno, wayatengeneze maisha yao.

Basi, mama aliyempoteza mtoto wake Katesh asiambiwe kwamba ni dhambi yake. Maneno hayo ni mzigo wa pili juu ya kaburi. Sisi tuliobaki tujiulize tutafanya nini.

Yaliyo mikononi mwetu

Mara nyingi baba ndiye huchagua kiwanja, lakini mama ndiye huwa nyumbani na watoto mvua inaponyesha. Kwa hiyo zungumza na mwenzako kwa upole, tena bila kuchoka, juu ya mambo haya:

Nyumba isijengwe ndani ya korongo wala mdomoni mwake, hata kama korongo limekuwa kavu miaka mingi. Maji hayasahau njia yake.

Tazama dalili. Ardhi ikipasuka mlimani, miti ikiinama, chemchemi ikibadilika ghafula kuwa tope, au ukisikia mngurumo kutoka juu, ondokeni mara moja. Msikimbie kufuata korongo kuteremka. Kimbilieni pembeni, mahali palipoinuka. Wala msirudi haraka, maana tope la pili laweza kufuata.

Chagueni mapema mahali pa kukutania, na kila mtoto apajue. Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vifungwe katika mfuko wa nailoni, viwekwe pamoja.

Tumieni jiko banifu, na pandeni miti ya kuni karibu na nyumba, ili msitu wa mlimani upumzike.

Mambo haya hayamfai mama mmoja pekee yake. Yaletwe katika kikundi cha kanisa na katika mkutano wa kijiji. Ikiwa bibi za Wabarbaig walikuwa na baraza lenye nguvu, sisi tutashindwaje kusema juu ya usalama wa watoto wetu?

Baada ya maafa, nyumba mpya zilijengwa kwa ajili ya waliopoteza makao. Zilijengwa Waret, jina lilelile la shamba la ngano. Ardhi iliyowahi kuwatoa watu machozi imewapa wengine pa kulala. Huko mama hupika tena uji wa asubuhi, huku mlima ukionekana kwa mbali. Tuwaombee, tuwatembelee, na kabla mvua za masika hazijaanza tulitazame korongo lililo karibu na nyumba zetu.