Uzito Usioonekana

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako akina baba ambao jioni huketi mezani pamoja na watoto wao, wakiunda magari madogo ya reli. Kipimo kinachopendwa sana huitwa HO: kila kitu hupunguzwa mara 87. Gari la mizigo la Marekani lenye urefu wa mita 12 huwa sentimeta 14 tu.

Tutazame kazi yenyewe. Vipande vya plastiki huoshwa kwanza kwa sabuni, maana mafuta ya kiwandani huizuia rangi isishike. Kisha hukatwa kimoja kimoja na kusuguliwa kwa tupa. Fundi mwenye subira huondoa vishikio vinene vya plastiki, akaweka vya waya mwembamba. Mwishoni hutia rangi, maandishi, hata vumbi na kutu, kwa kuwa gari lililofanya kazi halibaki jipya.

Lakini uzuri huo hautoshi. Plastiki ni nyepesi. Gari lisilo na uzito huacha reli penye kona, likawaangusha na wenzake. Kwa hiyo, kabla ya kufunga paa, hutiwa chuma ndani, hata gari zima lifikie gramu 105 hivi.

Wazazi wapenzi, chuma hicho hakuna atakayekisifu, nacho ndicho kinachoshika njia. Watoto wetu tunawavika vizuri na kuwapeleka shuleni. Tujiulize tumewatia nini moyoni, kungali mapema, kabla paa halijafungwa.