Nukta ya Solfa au Kinyesi cha Nzi?

Mwanakwaya mmoja wa Kariakoo ameniuliza: kwaya yao ina madaftari ya solfa ya tangu miaka ya 1970, yote yameandikwa kwa peni. Je, simu inatosha kuyapiga picha ya kuhifadhi, au watafute skana? Simu inatosha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukurasa wa A4 ukijaa kwenye picha, kila milimita inapata pikseli zaidi ya 12, na nukta ya nusu milimita inapata kama sita. Mengine ya kamera yananichosha.

Kisichonichosha ni hiyo nukta. Katika solfa, iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19, nukta mbili hutenga mapigo, nukta moja hulikata pigo nusu, mkato hulikata robo. Shida ni kwamba nzi naye hutua kwenye daftari akaacha nukta yake. Taa ikimulika kutoka juu, zote mbili ni doa jeusi, na besi wanaimba kinyesi cha nzi.

Zimeni taa. Lazeni tochi ya simu nyingine kando ya ukurasa, mwanga upite ukikaribia kugusa karatasi. Nauita mwanga mlalo. "Mwanga wa pembeni" haunitoshi, maana hata taa ya dirishani ni ya pembeni.

Bodaboda wanaijua fizikia yake. Saa sita mchana lami yote inang'aa, shimo na tuta huvitambui mpaka uviguse. Saa kumi na mbili jioni, jua likiwa chini upande wa Magomeni, kila shimo lina giza upande ule ule wa jua, kwa kuwa ukingo wake ndio unaokinga mwanga usiingie. Tuta ni kinyume: linang'aa upande wa jua, kivuli kinaangukia upande wa mjini. Sasa, peni huchimba karatasi kwa kile kijidonge cha chuma cha ncha yake, kwa hiyo nukta ya mtunzi ni shimo. Ya nzi ni tuta. Tochi ikiwa kushoto, ya mtunzi ina kivuli kushoto, ya nzi kulia. Na wino ukififia kabisa, shimo hubaki, linasomeka! Mwaka 2001 Tom Malzbender na wenzake wa Hewlett-Packard walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuukokotoa mwinamo wa kila pikseli, kamera ikiwa imetulia na taa ikihamishwa.

Kalamu ya kuchovya haichimbi hivyo, lakini madaftari yenu ni ya peni.

Pigeni kila ukurasa mara mbili, kwa mwanga wa kawaida na kwa mwanga mlalo. Kwenye WhatsApp tumeni kama dokumenti. Ikitumwa kama picha hupunguzwa na nukta hupotea. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwenye daftari. Walimu wa kwaya wakawa wanaliazima, na mpaka leo halijapatikana. Kwa hiyo asiazimwe mtu daftari lenu kabla halijapigwa picha.