Miezi ya Kungojea Mvua

Huko Ulaya, kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti hugeuka mekundu na ya manjano, kisha hupukutika, kwa kuwa baridi iko njiani. Kwetu Katanga mambo yamepinduka. Katika miezi ileile miti ya pori la miombo nayo huvaa wekundu, lakini ni wekundu wa majani machanga, yazaliwayo kabla ya tone la kwanza la mvua kuanguka. Jua la Oktoba mjini Lubumbashi ndilo kali kuliko yote ya mwaka. Mvua yenyewe hushika kazi yake Novemba na kuendelea hata Machi au Aprili.

Basi, wasomaji wapenzi, miezi hii nyumbani ni miezi ya mikono mitupu. Shule imefunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na sare na madaftari vimekwisha kula akiba. Ghala la mahindi limepungua, shamba bado ni vumbi. Ndipo mama wa nyumba anapowatazama kuku wake na kuwahesabu. Yule jogoo aweza kuuzwa. Je, na tembe aanzaye kutaga? Akimuuza leo, mtoto atapata viatu. Akimwacha, Januari kutakuwa na vifaranga. Wasioijua hesabu hiyo hudhani kufuga kuku ni mchezo wa watoto.

Tena hesabu hiyo yaweza kufutwa kwa juma moja. Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku hupooza mabawa, shingo hupinda, hutoa kinyesi cha kijani, na kabla watu hawajapatana la kufanya, banda zima limenyamaza. Ugonjwa ukishaingia hauna dawa. Kinga iko: chanjo ya kutiwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, ikarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Ile iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko nyingine, nayo yafaa vijiji visivyo na barafu. Lakini jirani mmoja akichanja na watano wasichanje, kazi ni nusu. Afadhali nyumba za njia moja zipatane siku, zinunue chupa moja kwa pamoja, kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, nayo ikifunguliwa haiwekwi muda mrefu.

Mengine ya kuku ni rahisi. Mayai huatamiwa siku 21. Sakafu ya banda iinuliwe sasa, maadamu udongo ni mkavu, maana kifaranga aliyelowa usiku haamki. Majivu yatiwe katika shimo la kuogea vumbi ili kupunguza utitiri.

Tukija kwenye bustani, jambo la kwanza ni samadi. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Ikusanywe pamoja na majani makavu, inyunyiziwe maji, ifunikwe, iachwe ioze miezi 2 au 3. La pili ni udongo wa kichuguu. Vichuguu vikubwa vya kando ya Lubumbashi, ambavyo vingine hufika mita 8 kwenda juu, vina chokaa na rutuba kupita ardhi nyekundu inayovizunguka. Wakulima huvivunja na kutawanya udongo wake shambani. Mafundi nao huvitaka ili kuchoma matofali, nao hulipa fedha taslimu. Kwa maoni yangu, mwenye shamba auzaye kichuguu chake chote kwa matofali amefanya biashara mbaya, kwani mchwa hawajengi kichuguu cha namna ile katika maisha ya mtu mmoja.

Lakini liko neno zito zaidi kwa watu wa mjini. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki. Vumbi la shaba, risasi, zinki, kobalti na kadimi likaanguka upande wa kaskazini-magharibi, hata mahali kama Penga Penga pakabaki ardhi tupu isiyoota mti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bustani za mji na kukuta madini hayo katika udongo na katika mboga. Lengalenga hulaumiwa, lakini kosa si lake. Mboga za majani kwa kawaida huvuta madini kuliko nyanya au mahindi. Aliye upande ule na apande mazao ya matunda na ya punje, atie chokaa na mboji kwa wingi ili madini yasipande kwa wepesi, na aoshe mboga kwa maji mengi, kwani sehemu ya sumu ni vumbi tu lililokaa juu ya jani. Kuku pia huchakura udongo huo. Kule Kabwe, nchini Zambia, ambako mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, watafiti walikuta risasi katika maini ya kuku wa kuzurura. Watoto ndio huumia kwanza, kwa kuwa hucheza chini na kulamba vidole.

Haya yasiwafungie watu ndani. Siku ya kwanza ya mvua kubwa ni sikukuu isiyo katika kalenda: jioni kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, watoto hukimbia na beseni la maji chini ya taa, na asubuhi kuku hushiba bila kugharimu kitu. Watu wa Burkina Faso na Togo hawangoji hata siku hiyo. Hujaza chungu mabua makavu yaliyoloweshwa, hukifudikiza juu ya tundu la mchwa jioni, na asubuhi hukung'utia kuku mchwa waliopanda humo.

Kisha huja Jumapili za uyoga. Jamaa nzima hutoka mapema, na vikapu, hata pori la jirani. Juu ya vichuguu huota ule uyoga mkubwa kuliko wote uliwao duniani, ambao kofia yake yaweza kufika mita 1 kwa upana, hata mtoto akajifunika nao mvua ikinyesha. Huo haukosewi. Midogo ndiyo ya hatari, kwa kuwa mweupe wa sumu hufanana na mwema, na kuupika hakuondoi sumu. Katika matembezi hayo bibi ndiye mwalimu: kila mtoto humwonyesha alichochuma, naye hutupa asichokijua, hata kama kikapu kitarudi nusu.