Injini ya Mtumba kwa Guta la Parokia: Someni Namba Kabla ya Kulipa



Parokia nyingi za vijijini zinatamani kuwa na guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, kwa ajili ya kubeba maji, mbegu au mgonjwa. Kwa kuwa guta jipya ni ghali, wengine huamua kumpa fundi wa kuchomelea kazi ya kuunda chesi, kisha hununua injini ya mtumba. Jambo hili linawezekana. Lakini fedha ni za waumini na wafadhili, na siku mama mjamzito atakapopakiwa usiku wa manane, hakutakuwa na muda wa kujuta. Hivyo basi, kazi ianze na kuitambua injini, ndipo bei ifuate.

Kuitambua

Injini mtakazokutana nazo mara kwa mara ni za muundo wa Honda CG125, ulioanza kutengenezwa mwaka 1976, na nakala zake kutoka China. Kwenye nakala hizo, futeni mafuta na vumbi kwenye kasha la injini, chini ya silinda. Mtaona alama kama 162FMJ. Maana yake ni hii: 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa kwa upepo, M ni pikipiki, J ni daraja la cc 150. Ikiandikwa 156FMI, hiyo ni ya cc 125.

Baada ya alama hizo hufuata namba ya injini yenyewe. Namba hiyo ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya usajili ya pikipiki ilikotoka. Ikiwa imesuguliwa au kugongwa upya, iacheni hata kama inaunguruma vizuri, kwa maana huenda ni mali ya wizi.

Aidha, alama moja inaweza kuwekwa kwenye injini za aina mbili. Mwambieni fundi afungue kifuniko cha juu. Akikuta fito mbili zinazopanda kutoka chini kusukuma valvu, hiyo ni aina ya CG. Akikuta kemshafti inayozungushwa na mnyororo, hiyo ni aina ya CB. Gasketi na spea nyingi za juu haziingiliani. Andikeni aina hiyo katika kumbukumbu za kikao, ili atakayetumwa dukani asilete kisichofaa.

Kuipima

Fundi apime mgandamizo wa silinda kwa geji, mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa wote, huku akipiga kiki mara kadhaa. Ukiwa mdogo, atie kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na apime tena. Ukipanda, ringi au silinda zimekwisha; usipopanda, shaka iko kwenye valvu. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka ni dalili ya kuunguza oili. Gharama ya matengenezo hayo iongezwe kwenye bei kabla ya kukubaliana.

Kuiweka sawa

1. Tapeti. Injini ikiwa baridi, izungushwe hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha, valvu zote mbili zikiwa zimelegea. Kwa Honda CG125 nafasi ni milimita 0.08. Tapeti zilizokazwa mno huunguza valvu.

2. Plagi. Nafasi iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Baada ya safari, rangi ya kahawia ni njema. Masizi meusi yanaonyesha petroli imezidi. Weupe unaonyesha petroli ni kidogo na injini inachemka. Kwa guta lenye mzigo, hatari hiyo ndiyo kubwa zaidi.

3. Kabureta. Isafishwe, kisha silensa irekebishwe injini ikiwa na moto, isizime wala isipige kelele. Chujio la hewa lisiondolewe kamwe kwa kutafuta nguvu. Vumbi la barabara zetu humaliza ringi mapema.

4. Meno ya sproketi. Injini hii iliundwa kubeba watu wawili, si mapipa ya maji. Mbele kukiwa na meno 15, mkibadili nyuma kutoka 36 hadi 45, mvuto huongezeka kwa robo na mwendo hupungua kwa moja ya tano. Kwa mgonjwa na kwa breki, mwendo mdogo ni faida.

Wajibu wa kamati

Ikumbukwe kwamba chombo kilichoundwa upya, au kilichobadilishwa injini, kinapaswa kufikishwa kwa mamlaka ya usajili na kukatiwa bima kabla ya kuingia barabarani. Tunashauri pia bajeti iwe na mafungu matatu: ununuzi, matengenezo ya mwanzo, na oili pamoja na spea za mwaka mzima. Mfadhili anayeona mafungu hayo, pamoja na namba ya injini iliyoandikwa na kusainiwa, anajua kwamba sadaka yake imepata watunzaji.